Nimebakiwa na meno sita chini: ning'oe yote niweke ya bandia?

Barua

Habari za kazi, daktari.

Mimi ni mama wa miaka 63. Juu nimebakiwa na meno matatu, na yote yanacheza nikiyagusa kwa ulimi. Mengine niliyang'oa zamani nikawekewa ya bandia ya plastiki, yale ya kuvaa na kuvua, na mwaka huu yanatimiza miaka tisa. Bamba lake limepasuka katikati mara mbili. Mara ya kwanza lilitengenezwa kliniki. Mara ya pili niliunga mwenyewe kwa gundi ya kugandisha vitu vya nyumbani, likakaa wiki tatu, likapasuka palepale.

Chini nina meno sita ya mbele, kutoka chonge hadi chonge. Magego hayapo kabisa na huko sijawahi kuweka kitu. Jino moja kati ya hayo sita limeanza kucheza kidogo. Chakula chote natafunia mbele.

Kliniki waliniambia ning'oe matatu ya juu niwekewe seti nzima ya juu, na chini niyaache yale sita nitengenezewe ya kuvaa nyuma yenye fremu ya chuma. Dada yangu anasema nisijisumbue, ning'oe yote kwa mkupuo mmoja, nivae seti kamili juu na chini, niagane na maumivu ya meno moja kwa moja. Jirani naye kanielekeza kwa fundi anayeweka meno kwa siku moja, yasiyovuliwa, ambayo anayafungia kwa waya kwenye meno yaliyobaki.

Naomba mnisaidie. Nimfuate nani kati ya hao watatu? Nikishang'oa, nitakaa kibogoyo kwa muda gani? Kuna plastiki, kuna chuma, na nimesikia kuna yale laini yanayopinda. Yapi ni bora? Nilale nayo au nivue? Na hili bamba langu la zamani nilitupe?

Nina kisukari na natumia vidonge. Pia kila wiki nameza kidonge kimoja cha kuimarisha mifupa, huu ni mwaka wa tano. Sijui kama kinahusiana na meno, ila nimeona nikitaje.

Mama wa meno sita

Jibu

Shikamoo, mama, na pole kwa mahangaiko.

Umefanya vyema sana kukitaja hicho kidonge cha wiki, na ndicho tutakachoanza nacho kwa sababu kinatangulia mengine yote. Dawa nyingi za mifupa zinazomezwa mara moja kwa wiki, alendronati kwa mfano, hupunguza kasi ya mfupa kujibomoa na kujijenga upya. Jino likishang'olewa, taya huhitaji kazi hiyohiyo ili kuziba shimo. Kwa watu wachache shimo halifungi: mfupa unabaki wazi, unaanza kufa, na kuutibu huchukua miezi mingi. Kwa anayemeza vidonge hatari ni ndogo, ndogo kuliko kwa wanaochomwa sindano za namna hiyo kwa ajili ya saratani, lakini huongezeka kadiri miaka inavyosonga, na mwaka wa tano si mwanzo tena. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, maana mfupa wa nyonga uliovunjika ni balaa kubwa kuliko jino. Nenda kliniki na boksi la dawa mkononi, umwambie daktari wa meno umeanza lini, na umwombe awasiliane na aliyekuandikia kabla hajagusa jino lolote. Mpelekee pia majibu ya kile kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha fangasi chini ya meno ya bandia.

Kwa hiyo kila jino utakaloweza kutoling'oa ni kidonda kimoja ulichoepuka. Lakini hata kama usingekuwa na dawa hiyo wala kisukari, tungekujibu vilevile: matatu ya juu yanayocheza yaende, sita ya chini yabaki. Kliniki yako imekushauri vizuri.

Dada yako anakutakia mema, na ushauri wake hutolewa na watu wengi, kwa sababu wanadhani seti ya juu na seti ya chini ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Si hivyo. Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la maji katikati, uvibandike. Ukijaribu kuvibandua kwa kuvivuta moja kwa moja, vinagoma. Seti nzima ya juu inashika namna hiyo. Inafunika kaakaa lote, utando mwembamba wa mate unakaa kati yake na ufizi, na ukingo wake unazama kidogo kwenye nyama laini kuzunguka taya, hadi nyuma pale kaakaa gumu linapoishia, ili hewa isipenye. Ikitengenezwa vizuri, unaongea na kucheka wala haishuki.

Chini hakuna kaakaa. Kuna ulimi. Seti ya chini ni umbo la kiatu cha farasi, na eneo lake la kukalia ni dogo sana likilinganishwa na la juu. Upande wa ndani ulimi unaisukuma, upande wa nje mashavu na mdomo, na kila ukimeza, sakafu ya kinywa inapanda na kuinyanyua. Kuifunga hewa isipite karibu haiwezekani. Wanaoimudu ni wale ambao misuli yao imejifunza kuishikilia, na hata wao nguvu yao ya kutafuna hubaki kama robo ya mwenye meno yake, au chini ya hapo.

Kuna na suala la mfupa. Ule ukuta wa mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya mizizi. Mzizi ukiondoka, ukuta huanza kuyeyuka, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Na kwa waliovaa seti kamili miaka mingi, taya la chini hupoteza takriban mara nne ya linachopoteza la juu. Ndiyo maana mtu aliyefurahia seti yake ya chini mwaka wa kwanza, miaka kumi baadaye anaizuia kwa ulimi ili isielee.

Meno yako sita yanazuia yote hayo. Yanatunza mfupa wa mbele, na chonge zako mbili, zenye mizizi mirefu kuliko meno mengine yote, ndizo nguzo za kushikia fremu. Mtu aliyepoteza kila kitu chini hulazimika kutafuta nguzo kama hizo kwa kupandikizwa skrubu za titani ndani ya mfupa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, chaguo la kwanza liwe seti iliyoshikwa na vipandikizi viwili, si seti ya kawaida inayoelea. Vipandikizi hivyo viwili huwekwa mbele, karibu na mahali zilipo chonge zako. Wewe bado unazo za kwako, na vipandikizi ni upasuaji wa mfupa, ambao kwa mtu wa miaka mitano kwenye dawa hiyo hauamuliwi kwa haraka.

Hilo moja linalocheza kidogo lisikutishe. Mara nyingi kinachofanya jino la mbele la chini lilegee ni ugaga uliojikusanya nyuma yake na kuula ufizi na mfupa. Omba usafishwe meno kwanza, hadi chini ya ufizi, kabla ya vipimo vyovyote, kisha lipigwe picha ya eksirei kuona mzizi umebaki na mfupa kiasi gani. Likionekana halina maisha marefu, mwombe daktari fremu yako iwe na bamba jembamba la chuma linalopanda nyuma ya meno ya mbele, badala ya mhimili unaopita mbali nayo chini. Kwenye bamba la namna hiyo, jino likianguka baadaye, la bandia huongezwa hapohapo bila kutengeneza fremu nyingine. Na hata ikitokea siku chonge zenyewe zimeoza hadi kwenye ufizi, uliza kwanza kama mizizi inaweza kutibiwa, ikakatwa usawa wa ufizi na kuachwa ndani, kisha seti ikakaa juu yake. Mzizi uliobaki unaendelea kulinda mfupa wake.

Kwa yule fundi wa siku moja, tafadhali usiende. Anachofanya kinajulikana: anachanganya unga na maji ya akriliki (ile plastiki ya meno ya bandia) ya kuganda baridi, anaibandika mbichi mdomoni, anazungusha waya kwenye meno mazima, basi. Akriliki hiyo hutoa joto inapoganda na kuunguza ufizi. Inaacha ndani yake kemikali ambayo haijaungana, inayowasha nyama ya kinywa. Inaingia kwenye mapengo na kunasa, ndiyo sababu “haivuliki”. Chini yake mswaki haufiki, chakula kinaoza, na yale meno yaliyofungiwa waya ndiyo hulegea na kuoza kwanza. Ungempelekea sita, na baada ya muda ungebaki na mawili au bila hata moja. Kwa mwenye kisukari na dawa ya mifupa, usaha mahali hapo ni hatari kweli.

Sasa kuna jambo ambalo huenda kliniki hawakulitilia mkazo, nasi tunaliona zito kuliko lile la plastiki au chuma. Ukiwekewa seti nzima juu, na chini ukabaki na meno sita ya mbele tu, ya chini ya bandia lazima uyavae. Wengi huyaacha kwenye kikombe, kwa kuwa mbele hakuna pengo linaloonekana. Ukifanya hivyo, meno yako ya chini yatagonga sehemu ya mbele tu ya seti ya juu, mlo baada ya mlo. Nyuma itakuwa inashuka, mbele inakandamiza. Mfupa wa mbele juu utayeyuka na mahali pake kubaki nyama inayoning'inia kama ncha ya sikio, na hakuna seti inayotulia juu ya nyama hiyo. Magego ya bandia ya chini yapo ili uzito wa kutafuna ugawanyike nyuma, kushoto na kulia.

Ukituuliza itengenezwe kwa nini, kwa hali yako jibu ni chuma chini, akriliki juu. Fremu ya kobalti na kromu ni nyembamba na ngumu, na ina vikalio vidogo vinavyopumzika kwenye vidato vilivyochongwa nyuma ya chonge, ili uzito wa mbele ubebwe na meno badala ya kuzama kwenye ufizi. Plastiki tupu haina vikalio hivyo kwa kawaida. Kila ukitafuna inazama kidogo, na ukingo wake unausukuma ufizi chini ya meno mazima hadi mizizi inachungulia. Yale laini ya nailoni yanapendeza machoni kwa sababu kulabu zake zina rangi ya ufizi, na kwa pengo la jino moja au mawili yanaweza kufaa kwa muda. Kwako hapana: nyuma yako ni wazi pande zote mbili, nailoni itapinda na kuzama, na ufizi ukibadilika ni shida kuitandika upya ndani, yaani kuijaza upande unaokalia ufizi ili ikae sawa, au kuiongezea jino.

Hata fremu ya chuma ina udhaifu wake hapo nyuma. Mbele inakaa juu ya jino, nyuma juu ya ufizi, na ufizi hubonyea zaidi ya jino. Mfupa wa nyuma ukiendelea kupungua, fremu inaanza kucheza kama bembea ya ubao. Jipime hivi kila miezi michache: vaa, weka kidole juu ya gego la mwisho la bandia, bonyeza. Ukiona vikalio vya mbele vinanyanyuka kutoka kwenye chonge, nenda kliniki itandikwe upya ndani upande wa nyuma. Usisubiri iume. Kabla haijauma, inakuwa imeshazing'ang'ania chonge na kuzilegeza.

Bembea hiyohiyo ndiyo iliyolipasua bamba lako la juu. Mfupa wa pembeni umepungua ndani ya miaka tisa, lakini katikati ya kaakaa, pale penye mshipi mgumu, hapajapungua. Kwa hiyo bamba limekalia mgongo wa katikati, na kila unapotafuna pembeni zinashuka na katikati inapinda. Inapinda mara elfu na elfu, mwisho ufa unaanza. Gundi haigusi sababu hiyo hata kidogo, na ndiyo maana lilipasuka palepale. Hata kliniki wakiunga tu bila kutandika upya ndani, litarudi.

Kuhusu kukaa kibogoyo, si lazima ukae hata siku moja. Njia ya kwanza ni kung'oa, kusubiri fizi zipone miezi miwili hadi mitatu, kisha kutengeneza. Seti hukaa vizuri zaidi, ila miezi yote hiyo huna kitu juu. Ya pili ni kutengenezewa seti kabla, unang'olewa na kuvalishwa hapohapo. Ukichagua hii ujue mambo matatu: meno yanayochukua nafasi ya yale yanayong'olewa huwezi kuyajaribu mapema mdomoni, seti italegea ndani ya wiki na miezi ya mwanzo kadiri mfupa unavyopungua, na itahitaji kutandikwa kwa bitana laini ya muda, na karibu na mwezi wa sita au baada yake itatandikwa moja kwa moja au kutengenezwa nyingine. Kwako kuna njia ya tatu iliyo rahisi kuliko zote mbili, nayo tutaifikia tukizungumzia lile bamba.

Ukivalishwa siku ya kung'olewa, usivue kwa saa 24 za kwanza, hata usiku. Ukivua, uvimbe utajaa na seti haitaingia tena. Kesho yake rudi kliniki wavue wao, wasafishe na kukwangua sehemu zinazobana. Baada ya hapo unavua mwenyewe kila baada ya mlo, unasuuza seti, na unasukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Na kwa sababu ya kidonge chako, shimo lisilofunga baada ya wiki kadhaa, au kitu kigumu cheupe au cha njano kinachochungulia kwenye ufizi, ni safari ya kliniki bila kungoja tarehe uliyopangiwa.

Utengenezaji wenyewe kwa kawaida ni mahudhurio matano hivi, na anayekuahidi moja ana hatua anazoruka. Kwanza unachukuliwa vipimo vya mwanzo kwa ute wa alginati, unaoganda mdomoni kwa dakika chache. Ute huo una maji mengi na hunywea ukikauka, hivyo unapaswa kumiminiwa plasta mapema. Ukiachwa wazi mezani, meno yatakuja makubwa au madogo kuliko kinywa. Kisha vinachukuliwa vipimo vya pili kwa trei iliyotengenezwa kwa kinywa chako mwenyewe. Hapo utaombwa usukume mdomo mbele, ufungue, utoe ulimi. Fanya kwa bidii, hata kama unaona haya, maana ukingo wa seti unachorwa na misuli yako ukiwa unafanya hivyo. Kwa chini, kabla ya vipimo hivi vya pili daktari atakuwa ameshachonga vile vidato nyuma ya chonge.

Mahudhurio ya tatu ni ya kupima kimo cha taya kwa kuta za nta. Taya likipumzika, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana; hubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ikiliwa, yaani meno yakiwa marefu mno, utasikia yakigongana unapoongea, misuli itachoka na ufizi utauma kila mahali bila kidonda mahususi. Yakiwa mafupi mno, kidevu kinakaribia pua na pembe za midomo zinalowa mate na kupasuka.

Ya nne ndiyo tunayokuomba uipe muda wako wote. Meno yanakuwa yameshapangwa kwenye nta, unayavaa na kujitazama. Nenda na mtu anayekujua, na kama unayo, picha yako ya zamani ukitabasamu. Simama mbali na kioo kama mtu anavyokutazama mkiongea. Hesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini: “s” ikitoka kama mluzi, sema. Tazama kama mstari wa katikati ya meno uko sawa na katikati ya uso, kama mdomo wa juu umebebwa au umedidimia. Jino kwenye nta husogezwa kwa kisu chenye moto kwa dakika moja. Baada ya hapo nta inatolewa, akriliki inashindiliwa na kupikwa majini, kwa mfano nyuzijoto 74 kwa muda wa saa 8 au zaidi, na hakuna tena cha kusogeza. Upishi huo hauharakishwi: maji ya akriliki huchemka karibu na nyuzi 100, na joto likipanda ghafla yanatoa mapovu yanayobaki kama vitundu ndani ya seti. Seti yenye vitundu hunuka na huvunjika.

Siku ya tano unavalishwa. Wiki ya kwanza mate yatajaa, kwa kuwa kinywa kinadhani kimetiwa chakula, na ulimi utajiona umebanwa. Soma kitabu kwa sauti kila siku. Kata chakula vipande vidogo na uvitafunie pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukitafunia upande mmoja, ule wa pili unanyanyuka. Usimege kitu kwa meno ya mbele, kwani seti ya juu itachomoka nyuma. Hapo tabia yako ya sasa ya kutafunia mbele itakusumbua, nayo inaachwa kwa makusudi.

Vidonda vya kubanwa ni vya kawaida, na hutibiwa kwa kukwangua seti, si ufizi. Usikwangue mwenyewe kwa kisu wala msasa. Kama umeshaivua kwa sababu inauma, ivae tena siku moja kabla ya kwenda kliniki, ili alama ya kidonda ionekane na daktari ajue akwangue wapi. Kidonda kisichopona wiki mbili baada ya seti kurekebishwa kichunguzwe, kwa sababu saratani ya kinywa huanza hivyohivyo, kimyakimya.

Gundi ya meno, ile ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si vibaya ikiwa kidogo: vitone vichache kwenye seti ya juu iliyokauka. Chagua isiyo na zinki. Waliotumia nyingi yenye zinki kwa miaka walipungukiwa madini ya shaba mwilini, wakapata ganzi ya miguu. Ukiona unahitaji gundi zaidi kila mwezi, seti imelegea na inataka kutandikwa.

Usiku vua, zote mbili. Ufizi uliofunikwa mchana na usiku hugeuka mwekundu wenye fangasi, na kisukari huongeza uwezekano huo. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 524 wa miaka 85 na kuendelea, uliona waliolala na meno ya bandia walipata nimonia karibu mara mbili ya waliovua. Yaoshe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasipasuke. Dawa ya meno huyachora mikwaruzo inayoficha uchafu. Maji ya moto huyapinda. Dawa ya kung'arishia nguo hula chuma. Yalaze ndani ya maji safi, kwani akriliki ikikauka hubadilika umbo. Yale sita ya kwako ndiyo yapigwe mswaki kwa dawa yenye floridi, asubuhi na usiku, hasa pale kulabu inapogusa, kwa kuwa jino huoza kwanza hapo.

Na bamba lako la zamani: usilitupe. Kusanya vipande vyote, hata kile kidogo, na usivitie gundi tena. Gundi ile inaacha ukoko kwenye mstari wa ufa, fundi wa maabara akija kuunganisha vipande havikutani sawasawa, na bamba linatoka limepinda. Vipande vikikutana vizuri, linaweza kuungwa, kuongezewa meno matatu mahali pa hayo yatakayong'olewa, na kutandikwa bitana laini. Hiyo ndiyo njia ya tatu: siku ya kung'olewa unatoka na meno juu, yale unayoyazoea miaka tisa, ukiyatumia huku fizi zinapona na seti mpya inatengenezwa bila haraka. Hata ikishindikana kuungwa, daktari atapima kutoka kwake rangi ya meno na namna yalivyopangwa.

Kwa sasa usilivae likiwa na ufa, hasa ukiwa umelala. Kipande kinaweza kuteleza kooni. Hilo likitokea, nenda hospitali mara moja na uwaambie ni plastiki ya meno, kwa sababu akriliki haionekani kwenye eksirei ya kawaida, na picha safi isiwafanye wakurudishe nyumbani.